Ni Deni, Wala Si Sadaka



Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria kutoka visiwa vya Pasifiki walidhamiria kuifikisha kadhia ya bahari inayopanda mbele ya mahakama kuu ya dunia. Serikali ya Vanuatu ikalibeba jambo lao. Mnamo Julai 23, 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ikatoa rai yake ya ushauri: kuilinda hali ya hewa ni wajibu wa kisheria, na dola inayozembea, ikiwemo kwa kuruhusu uchimbaji wa mafuta au kuyatolea ruzuku, yaweza kuwa imetenda kosa.

Tafakarini. Visiwa hivyo navyo huwasha taa kwa dizeli iletwayo na meli. Hata hivyo Vanuatu na Tuvalu ndizo dola za mwanzo, mwaka 2022, kudai mkataba wa kuachana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Hawabishi kuhama, wanauliza nani atangulie na nani agharamie. Yawaje aliyetajirika kwa makaa zaidi ya karne amhimize maskini aharakishe, kisha amkopeshe kwa riba fedha za mitambo ya jua?

Mtoa sadaka huchagua kiasi na wakati. Mdaiwa hana hiari hiyo. Basi tukisikia visiwa vikiahidiwa “msaada”, tuulize: ni msaada, au ni deni lililocheleweshwa?