Kagua Nyayo Kabla ya Kulala
Leo naongea na wenye kisukari wa hapa Mabira kuhusu miguu. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi. Unarudi kutoka kuchuma kahawa, kijiti kimezama kisiginoni, na huna habari! Shambani vaa viatu vya kufunika vidole, uvikung'ute kwanza. Kila jioni osha miguu, kausha hadi katikati ya vidole, kisha tazama nyayo kwa kioo. Macho yakisumbua, mwite mjukuu. Na kwa baridi yetu hii, nakuomba sana, usiote moto miguu: utaungua bila kusikia. Ukiona kidonda, hata kidogo kama punje ya ulezi, asubuhi yake nenda zahanati.