Mchezo Ulioulipia, Je, Ni Mali Yako?

Anayenunua mchezo wa kompyuta mtandaoni mara nyingi hapati mali, bali ruhusa ya kuutumia. Tarehe 31 Machi 2024, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva za The Crew, mchezo uliotoka mwaka 2014. Kwa kuwa haukuchezeka bila seva hizo, hata wenye diski walibaki mikono mitupu. Tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya jimbo la California, Marekani, inamkataza muuzaji wa bidhaa za namna hii kuandika “nunua” pasipo kueleza wazi kwamba anachotoa ni leseni. Basi, kabla ya kulipa, ulizeni: mchezo huu utachezeka bila intaneti? Jibu lisipopatikana, fedha zenu na zibaki mfukoni.