Mwalimu Naye Hujifunza

Leo tunazungumza na walimu wa Mwanza, kuanzia Nyamagana na Ilemela hadi Sengerema na visiwani Ukerewe.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024. Aliyehitimu Chuo cha Ualimu Butimba zamani hakuusoma chuoni. Ndiyo maana kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Hufanyika shuleni, katika jumuiya za kujifunza, na kwenye vituo vya walimu.

Faida yake ni ipi? Tuchukue hesabu za kutoa kwa kukopa. Mwalimu mmoja anafundisha, wenzake wanatazama. Wanagundua watoto wa nyuma wameachwa. Wanashauriana: kila kundi lipewe vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Mtoto akifungua fungu moja kwa mkono wake, anaona kumi iliyokopwa imegeuka mamoja. Vijiti havinunuliwi, na mbinu hiyo inafaa hata darasa lililofurika.

Faida ya pili ni wenzako. Mwalimu wa kisiwani anayefundisha fizikia peke yake anarudi kutoka mafunzoni na namba za simu za walimu wa somo lake.

Mwalimu, muulize mkuu wako wa shule au Afisa Elimu Kata ratiba ya mafunzo. Nenda na andalio la somo lililokushinda. Nanyi wazazi, mkikuta walimu wamekaa kikao cha kujifunza, wapeni nafasi. Wanaofaidika ni watoto wenu.