Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Kinondo na jirani zake



Tumeombwa tuseme machache juu ya wageni wanaokuja kutembea huku kwetu, kutoka Diani hadi Msambweni. Vikundi vingi vinauliza: "Na sisi tukitaka kufungua mahali pa wageni, tujenge nini?" Swali ni zuri. Lakini liko jingine la kutangulia: mgeni akija, mwenyeji atapona vipi? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Basi tusiende mbali kutafuta mfano. Tunayo Kaya Kinondo hapa hapa. Msitu wenyewe si mkubwa, ni kama hekta 30 tu, yaani ekari 75 hivi. Mwaka 1992 Serikali iliutangaza kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2008 uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda. Na kwa miaka zaidi ya ishirini wageni wamekuwa wakiingia humo kwa miguu, wakiongozwa na watu wa hapa, nao hulipa kiingilio.

Je, wakiingia wanakuta nini? Bwawa la kuogelea? La. Jumba la ghorofa? Hapana. Wanakuta njia nyembamba, miti ya kale, mawe ya matumbawe, na mtu wa kuwaeleza mti huu unaitwaje na ule unatibu nini. Kabla ya kuingia, mgeni hufungwa kaniki kiunoni. Kubusiana humo ndani ni mwiko. Kutoka na kitu chochote, hata jani, ni mwiko. Na mgeni hakasiriki! Anaona amefika mahali penye wenyewe, akashika adabu.

Hapo tunajifunza jambo la kwanza. Kinachomleta mgeni ni kile mlichokitunza. Sote tunajua yaliyoyapata makaya mengine ya pwani: mbao zimekatwa, mawe yamechimbwa, viwanja vimegawanywa. Mahali palipoisha hivyo, hata ukiweka bango kubwa barabarani, mgeni ataonyeshwa nini? Kwa hivyo kikundi kikae kwanza na wazee, kiandike masharti. Wapi mgeni afike, wapi asifike, apige picha wapi, avae nini. Masharti yakishapatana, ndipo mshike nyundo.

Wenzetu wengine wamefanya hivyo pia. Ukifuata barabara ya Lunga Lunga utafika Gazi, ambako akina mama wana daraja la mbao la kutembelea ndani ya mikoko. Mgeni anapita juu, mizizi haikanyagwi, na matope yanabaki na kaa wake. Hapo hapo Gazi na Makongeni uko mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, ambao hupata fedha kwa kulinda na kupanda mikoko, na fedha hizo zimesaidia maji na shule. Kisiwani Wasini nako akina mama wana daraja lao juu ya mawe ya matumbawe. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeanza kwa kujenga hoteli.

Sasa tuseme habari ya matengenezo. Mgeni anayekuja kutembea ana haja ya vitu vinne, navyo ni vya bei nafuu.

Kwanza, njia. Iwe moja, ifagiliwe, ijulikane. Njia zikiwa nyingi msitu unakatika vipande vipande.

Pili, kivuli. Kibanda cha makuti chenye mabenchi chatosha. Kijengwe nje ya msitu, karibu na barabara, ili hata mama aliyebeba mtoto akisubiri gari apate pa kukaa.

Tatu, maji na choo. Hapa tusifanye mchezo. Ardhi yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, na uchafu hupenya upesi hadi kisimani. Choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisima, tena upande wa chini. Nje ya mlango tundikeni kibuyu chirizi na kipande cha sabuni. Choo kibaya humfukuza mgeni siku moja, lakini kipindupindu hubaki na sisi wenyewe.

Nne, mtu. Mtembeza wageni anayejua majina ya miti na ndege, anayejua historia ya mahali, anayesema kweli. Kijana wa hapa akifundishwa na wazee, tayari ana kazi, na elimu ya wazee haizikwi nao.

Tusisahau taka. Tangu Juni mwaka 2020 sheria imekataza plastiki za kutumia mara moja katika mbuga, misitu na fuo zinazohifadhiwa. Wekeni mtungi wa maji na vikombe, basi chupa za plastiki hazitakuwa na kazi. Na wageni waambiwe wasiwape nyani na mbega chakula. Mnyama akizoea kulishwa, kesho ataingia jikoni kwa mama na shambani kwa baba, na mgeni atakuwa amesharudi kwao.

Ufuo nao una watu wake. Katiba ya mwaka 2010 inasema ardhi iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa ni ardhi ya umma. Mvuvi na ngalawa yake ana haki hapo, na mtoto wetu anayeoga baharini ana haki hapo, sawa na mgeni. Kikundi kikitengeneza mahali pa kupumzikia ufuoni, kisifunge njia ya wavuvi. Mahali pazuri kwa mgeni ambapo mwenyeji anafukuzwa, hapo hapajatengenezwa, pameharibiwa.

Haya, tuje kwenye pesa, maana ndipo vikundi vingi hufia. Mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue mfano: wageni 10 wamekuja leo, kila mmoja ametoa shilingi 500. Hizo ni shilingi 5,000. Kikundi kinaweza kukubaliana 2,000 ziwe za watembezaji, 1,000 za kukarabati njia na choo, na 2,000 za kijiji, labda karo au dawa. Kiasi ni juu yenu. Lakini mgao uandikwe kabla ya mgeni wa kwanza kufika, kila mgeni akatiwe risiti, na hesabu isomwe mbele ya watu wote kila mwezi. Mweka hazina asikae peke yake na funguo. Kijiji kikiona faida kwa macho, kila mtu atakuwa mlinzi wa msitu. Kisipoona, mwenye shoka atauliza: nauacha mti kwa ajili ya nani?

Neno la mwisho ni la tahadhari. Wageni huja, na wageni hukatika. Mwaka 1997 ghasia za Likoni ziliwafukuza. Mwanzoni mwa mwaka 2008 fujo za baada ya uchaguzi ziliwazuia. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga hata viwanja vya ndege. Kila mara, aliyeacha shamba na wavu akategemea wageni peke yao alilala njaa. Kwa hivyo mradi wa wageni uwe mguu mmoja. Mguu wa pili uwe muhogo, minazi, kuku, nyuki au samaki. Na sehemu ya kila shilingi ya kiingilio iwekwe akiba kwa siku za ukame wa wageni.

Ndugu zetu, kaya imesimama kwa sababu watu walijizuia kukata. Huo ndio mtaji wenu. Utumieni bila kuumaliza.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kwetu tuna nini ambacho mgeni angependa kukiona, na nani anakitunza sasa?
2. Wazee wanasema mgeni asifike wapi? Tumeyaandika masharti hayo?
3. Choo chetu kiko umbali gani kutoka kisima?
4. Wageni wakikatika miezi sita, tutakula nini?