Gari la zamani lataka oili gani?



Juma hili nazungumza na wale wenye magari yaliyokwisha kuwa wazee: Peugeot 504 iliyoachwa na baba, Datsun 1200, Morris Minor, au ile Volkswagen ya mgongo wa kobe ambayo siku hizi hutolewa bandani kwenda harusini tu. Kuna swali linaloulizwa sana kwenye maduka ya spea. Kwa kuwa sasa zimekuja oili za kisasa za bei kubwa, je, gari la zamani likitiwa ile iliyo ghali kuliko zote halitadumu zaidi? Mwenye duka aghalabu atajibu ndiyo. Mimi nasema laweza kufa mapema zaidi.

Si kwamba oili hiyo ni mbovu. Ni nzuri mno, ila imetengenezwa kwa ajili ya injini nyingine. Tuchukue hiyo Peugeot 504. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na ndiyo iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975. Injini yake ya petroli ya silinda nne ina kamshafti iliyokaa ndani ya bloku, na kamshafti hiyo hufungua valvu kwa kusukuma tapeti na vijiti. Tapeti zenyewe zina uso bapa. Hakuna kigurudumu kinachopokea nundu ya kamshafti, kama ilivyo katika injini nyingi za siku hizi. Nundu husugua uso wa tapeti moja kwa moja, chuma kwa chuma, penye eneo jembamba kama uzi, huku springi ya valvu ikikandamiza kwa nguvu zake zote.

Hebu tupige hesabu kidogo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka nusu yake, yaani mara 1,500. Katika saa tatu za mwendo huo kila nundu imesugua tapeti yake mara 270,000. Mafuta peke yake hayawezi kuvumilia mkandamizo wa namna hiyo, hukamuliwa yakatoka. Kinachoiokoa kamshafti ni dawa iliyochanganywa ndani ya oili, mchanganyiko wenye zinki na fosforasi. Kwa joto na mkandamizo dawa hiyo hujenga utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo ndio unaosuguliwa badala ya chuma chenyewe. Ukilika, oili huujenga tena.

Basi hapo ndipo penye kisa chote. Magari mapya ya petroli yana katalisti kwenye bomba la moshi, kifaa cha kusafisha hewa chafu kabla haijatoka nje. Oili kidogo huungua ndani ya kila injini, hata iliyo mpya, na fosforasi inayotoka humo hulifunika umbo la katalisti na kuliua polepole. Kwa hiyo wenye viwanda walikubaliana kuipunguza. Katika oili nyepesi za magari ya petroli kiwango cha juu cha fosforasi kilikuwa sehemu 0.10 kwa mia. Daraja liitwalo SM lilipoingia mwaka 2004 kikashushwa hadi 0.08. Kwa injini mpya hapana hasara. Lakini 504 haikutoka kiwandani na katalisti yoyote ya kulindwa, ina kamshafti. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mwenye gari la zamani ndiye anayeununua msemo huu kwa fedha taslimu.

Sasa tusome kopo. Kopo la oili lina maandishi mengi na picha ya gari la mashindano, lakini yenye maana ni mawili tu, tarakimu na herufi.

Tarakimu zaeleza uzito. Katika 20W-50, ile 20W yahusu oili ikiwa baridi, na 50 ni uzito wake injini ikiwa imepata moto, kipimo kikichukuliwa kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Watu wengi wa nyanda za juu huiogopa 20W wakidhani ni ya Pwani tu. Ukweli ni kwamba oili ya 20W hupimwa kama inairuhusu injini kuzungushwa na stata katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Hata sakitu ya Makete haifiki huko. Hata hivyo asubuhi ya baridi oili nyepesi hufika juu kwenye valvu upesi zaidi, na dakika ile ya kwanza ndiyo inayokula injini kuliko safari nzima. Maoni yangu ni kuwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa 20W-50 ndiyo inayofaa magari mengi ya umri huo, na Njombe au Limuru hata 15W-40 itafaa, mradi kitabu cha gari kinairuhusu. Zile 0W-20 na 5W-20 waachieni wenye magari yaliyoundwa kwa ajili yake. Nafasi zilizoachwa kati ya kranki na beringi za gari la zamani, ukiongeza na ulikaji wa miaka 40, si za oili nyepesi kama hiyo.

Herufi nazo zaeleza daraja lililowekwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani, API. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Hapa pana mtego upande wa pili. Mtu akishasikia kwamba oili mpya imepunguzwa dawa, hukimbilia kinyume chake, akatafuta oili ya daraja la kale kwa ajili ya gari la kale. La hasha! API yenyewe yaonya kwamba oili ya daraja la SA haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930, na SB baada ya 1951. Hiyo SA haina dawa kabisa, ni mafuta matupu. Ukiikuta dukani kwa bei ya kutupwa, iache hapo hapo.

Njia ya kutokea ipo, wala si ngumu. Ule ukomo wa fosforasi katika madaraja mapya ya S uliwekwa kwa oili nyepesi. 20W-50 na 15W-40 hazikufungwa nao, hivyo kiwanda kina ruhusa ya kuziwekea dawa ya kutosha hata kama kopo limeandikwa daraja jipya. Ruhusa si lazima, lakini viwanda vinavyojiheshimu hutoa karatasi ya vipimo vya kila oili. Mwombe mwenye duka, au itafute kwenye intaneti, uangalie fosforasi. Ikiwa karibu na 0.10 au kuizidi kidogo, umepata. Wengine hutumia oili ya 15W-40 ya malori yenye herufi zote mbili, S na C, kwa kuwa za dizeli zimeruhusiwa fosforasi zaidi. Katika daraja la CK-4 ukomo ni 0.12. Mimi sioni ubaya. Lakini vile vichupa vya dawa za kuongezea visimiminwe kama chumvi kwenye mboga, maana dawa hiyo ikizidi sana nayo huanza kula chuma.

Kuna desturi ya mafundi wetu ambayo siipendi hata kidogo: gari likianza kutoa moshi wa buluu, hutiwa oili nzito kupita kiasi, hata ya gia, ili moshi upungue. Geji ya presha hupanda na mwenye gari hufurahi. Presha kubwa yaweza kuwa na maana tu kwamba oili imekwama njiani haipiti. Ringi zilizokwisha zimekwisha. Gari lililouzwa katika hali hiyo humfilisi mnunuzi ndani ya miezi michache, tena kwa kamshafti na krankshafti ambazo spea zake siku hizi hutafutwa kama lulu.

Nisiwasahau wa magari ya harusi. Gari linalotembea kilomita kumi kwa mwezi halichoshi oili kwa mwendo. Huichosha kwa kusimama. Injini isiyopata moto vizuri hukusanya maji na petroli ndani ya oili, na katika unyevu wa Pwani asidi hufanya kazi usiku na mchana. Badilisha mara moja kwa mwaka, hata kama kilomita hazijatimia. Na mwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe akumbuke kwamba injini yake ya asili haina filta ya oili, ina chujio la waya tu, na huchukua lita 2.5 pekee za oili ambazo pia zina kazi ya kuipoza. Yeye abadilishe kila kilomita 5,000 asizidishe.

Nimebakiwa na jambo la kopo lenyewe. Kuna watu wanaookota makopo matupu ya oili zenye jina, wakayajaza oili chafu iliyochujwa na kuyauza kama mapya. Kagua mfuniko kabla hujalipa, na uangalie alama ya TBS au ya KEBS. Tena, ukishamaliza kumimina, toboa kopo kwa msumari pande zote mbili kabla hujalitupa, na fundi akikuomba akusaidie kulitupa, mwambie utaliondoa mwenyewe.