Wakili Finney na Kesi ya Rock Hill

Tumeombwa tuzungumze juu ya uhusiano wa mahakama na siasa, nasi tumeona tumweleze mtu mmoja wa jimbo la South Carolina, Marekani: Ernest Finney.

Alizaliwa mwaka 1931. Alihitimu sheria mwaka 1954 katika shule iliyoanzishwa ili weusi wasipate sababu ya kuingia ile ya Wazungu. Uwakili haukumlisha, akafundisha, tena akawa mtumishi wa meza katika hoteli moja huko Myrtle Beach. Chama cha mawakili wa jimbo kilipofanya mkutano hotelini humo, Finney alikuwamo ukumbini, lakini kuwahudumia chakula. Alikuwa wakili kama wao, ila mweusi hakukaribishwa kuketi.

Januari 31, 1961, vijana weusi waliketi mahali pa Wazungu kwenye kaunta ya chakula, duka la McCrory's mjini Rock Hill. Wakakamatwa. Finney aliwatetea, akashindwa. Tisa kati yao walikataa kulipa faini ya dola 100, wakachagua siku 30 za kazi ngumu, kwa kuwa waliona kwamba fedha yao ingeutia nguvu ubaguzi ule ule waliokuwa wakiupinga.

Sasa tutazame jambo ambalo wengi hawalijui. Katika jimbo hilo majaji huchaguliwa na bunge la jimbo. Bunge lililotunga sheria za ubaguzi ndilo lililowachagua majaji wa kuzisimamia! Basi wakili angeweza kutoa hoja safi kama maji ya chemchemi, na bado akatoka mikono mitupu. Weusi walirudi katika bunge hilo mwaka 1970 tu, baada ya miongo mingi ya kufungiwa nje. Finney alichaguliwa mwaka 1972, akawa mwenyekiti wa kwanza wa kundi la wabunge weusi.

Mwaka 1976 bunge lilimchagua awe jaji wa mahakama ya mzunguko, na mwaka 1985 akaingia Mahakama ya Juu ya jimbo, ambamo hakuketi mweusi tangu Jonathan Jasper Wright alipoondoka mwaka 1877. Alikuwa Jaji Mkuu toka 1994 hadi 2000. Sisi mawakili hatuupendi utaratibu huo, kwani jaji aliyepewa kiti na wabunge ana deni kwao. Hata hivyo, mlango ulikuwa huo mmoja, na Finney aliupitia.

Januari 28, 2015, akiwa na umri wa miaka 83, alisimama tena mahakamani Rock Hill na kuomba hukumu ya 1961 itanguliwe. Jaji John Hayes, mpwa wa hakimu aliyewafunga vijana wale, aliitangua. Robert McCullough, mmoja wa wale tisa, hakuisikia. Alikuwa amefariki mwaka 2006.