Gunia Lenye Uvundo

Hindi lililokomaa bado lina maji ndani yake. Mvua ikizuia kuanika, likawekwa bichi, huweza kuota ukungu wenye sumu, nao moto wa sufuria hauiondoi. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, 125 wakafa.

Wewe mama uuzaye kwa gorogoro, gunia limekufikia lanuka uvundo. Ukilichanganya na jema, mashine ya posho haitakushtaki. Amosi, sura ya 8, aliwakemea waliouza makapi ya ngano. Najua, karo ya watoto yangoja. Lakini anayenunua ni jirani yako, naye jioni atasonga ugali.

Tuombe.